Mashati Saba ya Baba Pacha

Mpenzi Baba Pacha,

Sisi wazima, pacha wameng'oka meno ya mbele, na mimi nacheka peke yangu kama chizi!

Si unajua cherehani yangu ni ya Jumamosi na Jumapili tu, na wateja walikuwa majirani? Nilikwenda redioni kuuliza bei ya tangazo, nikatoka mbio. Mchora mabango naye ndiyo kabisa. Nikarudi nyumbani, nikafungua kabati, macho yakatua kwenye mashati yako saba.

Nikayatarizi mgongoni kwa uzi mwekundu: "Fundi wa Wikendi, hata kitambi nakificha," na namba yangu chini. Nikawagawia wasukuma mikokoteni wa sokoni. Wanazunguka mji mzima, na anayekwama nyuma yao hana pengine pa kutazama! Simu haipoi. Hata mama yako ameleta gauni.

Usinikasirikie. Ulisema unakwenda miezi mitatu. Huu ni mwaka wa pili, na harufu yako ilishatoka kwenye yale mashati.

Hujapiga hata mara moja, labda namba uliipoteza. Ukirudi, mfuate yeyote aliyevaa shati lako. Imeandikwa mgongoni.

Mkeo bado,
Mama Pacha