Sekunde Arobaini za Mama Yako

Elieth,

Uji uko kwenye chupa. Simu nimekuachia, ujipime muda. Nimewahi treni ya Tura, nikasafishe kaburi la mama yako.

Asubuhi nilikusimulia siku zake za mwisho wodini, nikakuambia uzifupishe kwa Kiingereza ndani ya dakika moja, kama mtihani wa mdomo wa kesho unavyotaka. Ukamaliza kwa sekunde arobaini. Nikafoka, "Mama yako ndiye huyo tu?" Ukalia.

Kosa ni langu. Ulifanya nilichokuagiza. Mimi ndiye ambaye sikutaka aishe haraka.

~~Mtihani uache.~~ Nenda. Anza na jambo kuu, toa sababu, nyamaza.

Ya mama usiyafanyie mazoezi tena. Jumapili tutayasimulia kwa Kinyamwezi, bila saa.

Baba