Nililitoa Turubai Siku ya Shukrani, Sasa Naitwa Kuapa

Mpendwa mshauri,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe na wote wa nyumbani kwako. Natumaini mu wazima, na lile koo lililokuzuia kusoma barua zetu hewani juma lililopita limepona, maana mimi na mume wangu tulikuombea. Sisi hatujambo, tunamshukuru Mungu, na nikianza kutaja ya kumshukuru sitafika kwenye shida iliyonifanya nishike kalamu, kwa hiyo naomba msaada wako moja kwa moja.

Mimi ni mama mtu mzima, shule yangu iliishia madarasa ya chini, na kazi yangu ni kuunga nyuzi kwenye karakana inayotengeneza mitambo ya kuchuja majitaka. Usidhani ni uzi wa kushonea. Hizi ni nyuzi za plastiki zenye tundu katikati kama mrija mwembamba, na ngozi yake ndiyo utando unaochuja, uchafu unabaki nje na maji safi yanavutwa ndani. Mimi nazipanga, nazibana ncha kwa gundi kwenye kichwa cha fremu, gundi ikikauka nazamisha fremu kwenye beseni napuliza hewa, nikiona mapovu yanatoka mahali najua pana tobo, naziba. Fremu ikining'inizwa nyuzi zinashuka kama pazia, ndiyo maana wenzangu wananiita Mama Mapazia, na jina hilo nimelizoea kuliko la kwenye kitambulisho.

Mwenye karakana tunamwita Mhandisi. Mshauri, huyu mtu nimshukuruje? Mume wangu alikuwa dereva wa malori, akapigwa na kiharusi upande mmoja ukalala, mimi nikawa sina mbele wala nyuma, nikaenda pale kuomba kufagia. Mhandisi akaniuliza, "Mama, mikono yako inatetemeka?" Nikasema hapana. Akasema, "Basi ufagio muachie mwingine, njoo ujifunze gundi." Akanifundisha mwenyewe bila kunifokea, hata siku niliyogandisha fremu nzima pamoja na aproni yangu alicheka mpaka akakaa sakafuni, akasema hii sasa tutaiuza na mama mwenyewe ndani. Mabomba yaliyobaki kazini ndiyo yaliyochomelewa yakawa kiegemeo cha mume wangu cha kutembelea, na gari la karakana ndilo linalompeleka hospitali siku za mazoezi, na leo mume wangu anafika mlangoni kwa miguu yake mwenyewe. Kila nikipiga magoti namtaja Mhandisi kabla sijajitaja mimi.

Sasa sikiliza. Adui yetu alikuwa tope. Fremu ikikaa ndani ya tangi muda si mrefu nyuzi zinavaa tope, maji hayapiti, mteja anapiga simu kwa hasira. Siku zote tulikuwa tunazikaza nyuzi kama kamba za kuanikia nguo. Mhandisi akahangaika na jambo hilo, akajaribu hivi akajaribu vile, mwishowe akasema tuzilegeze kidogo, tupulize hewa kutoka chini kwa bomba lenye matundu, mapovu yakipanda nyuzi zicheze zijikung'ute zenyewe. Tukaweka mtambo wa kwanza uani kwa dobi mmoja anayefua mashuka ya hospitali kwa mashine kubwa, maji yake yalikuwa rangi ya majivu. Tukasubiri nyuzi zizibe, hazikuziba. Maji yakatoka maangavu, ungeweza kusoma gazeti kupitia glasi, na Mhandisi akasimama pale akalia machozi mbele yetu, mwanaume mzima, akasema, "Hatuwezi kunyamaza. Mungu ametuona. Tutamshukuru mbele za watu."

Basi shukrani tukaifanya palepale uani. Walikuja majirani, wateja, jamaa zetu, watu tunaosali nao, hata wasioalikwa walioona viti wakaingia. Mtambo ulikuwa umefunikwa kwa turubai la buluu. Baada ya maombi Mhandisi akaniambia, "Mama Mapazia, toa turubai, waone wema wa Mungu." Nikalitoa, nikalikunja vizuri nikaliweka kando, nikavuta mnyororo fremu ikapanda juu inachuruzika, watu wakapiga vigelegele. Dobi akapitisha glasi za maji watu watazame. Mzee mmoja akauliza, "Haya mtu anaweza kunywa?" Dobi akamjibu, "Ya kufulia hayo, mzee wangu. Ukinywa utatakata matumbo peke yake." Tukacheka. Ndipo mama mmoja jirani akanyoosha kidole, "Mbona nyuzi zenu zimelegea hivyo? Mliishiwa nguvu za kukaza?" Na Mhandisi kwa furaha aliyokuwa nayo akamjibu mbele ya wote, akaeleza kwa nini zimelegezwa na hewa inapita wapi, na mimi nikaongezea kwa mikono nikimwonyesha zinavyocheza. Hakuna aliyeona ubaya. Tulikuwa tunashukuru.

Ilipita miezi ndipo Mhandisi akaenda kuomba hataza, ile hati ya serikali inayosema ubunifu huu ni wa fulani na mwingine asiuunde bila ruhusa yake. Akapewa, tukashukuru tena. Hivi karibuni kampuni moja kubwa imeanza kuuza mitambo yenye nyuzi zilizolegea vilevile, Mhandisi akawashtaki, na wao hata hawabishi kwamba inafanana. Wanasema hataza yake ifutwe, kwa sababu alipokwenda kuiomba siri ilikuwa imeshatoka, watu walishaonyeshwa hadharani. Habari za siku ya shukrani wamezisikia, ila kilichoonyeshwa hawakijui sawasawa, ndiyo maana wameniita mimi shahidi, wameambiwa ndimi niliyesimama karibu na mtambo. Nitaapa kwa jina la Mungu.

Mhandisi akaniita ofisini. Alikuwa anapanga kalamu zilizokwisha kupangwa. Akaniuliza, "Mama, siku ile turubai lilikuwepo au halikuwepo?"

Nikasema, "Lilikuwepo, Mhandisi."

"Basi sema hivyo. Lilikuwepo. Usiongeze chumvi."

"Na wakiniuliza lilikuwa wapi?"

Akatazama dirishani. "Mungu atakupa maneno."

Mshauri, nikatikisa kichwa kukubali, nikatoka. Mpaka leo sijui kichwa kile kilitikisika kwa ruhusa ya nani.

Mchomeleaji wetu tunamwita Cheche, na yeye hana siri, alinifuata kwenye beseni langu akaniambia, "Mama, hataza ikifutwa wale wakubwa watatumeza, karakana inafungwa. Utatulisha kwa utakatifu wako?" Nikamwambia, "Cheche mwanangu, chomelea chuma, mdomo uache upoe kwanza." Lakini nilipobaki peke yangu niliona ana haki ya kuogopa, ana watoto wadogo. Mume wangu naye nilipomweleza akasema, "Mke wangu, yule mtu ndiye miguu yangu. Usiniulize mimi, nitakujibu kwa miguu."

Turubai lilikuwepo, huo si uongo, nimejiambia hivyo mara nyingi, na kila nikijiambia sala inanikwama njiani. Nikisema yote namvua nguo hadharani mtu aliyenivika, na nikinyamaza nitamtaja vipi Mungu kwenye kiapo halafu jioni nimtaje tena kwenye maombi? Nifanye nini? Nakushukuru sana, kipindi chako kilinishika mkono nilipokuwa nauguza. Tafadhali nijibu upesi, siku ya kuapa haiko mbali.

Ni mimi,
Mama Mapazia

MSHAURI ANAJIBU

Mama Mapazia mpendwa,

Koo limepona, ahsanteni wewe na mzee kwa maombi. Barua yako nimeisoma mara mbili, na hewani haitasomwa kabla kesi haijaisha. Mara ya kwanza nilifuta macho, mara ya pili nilitamani kukuvuta sikio.

Hebu tuliweke hilo turubai mahali pake. Ulilikunja, ukaliweka kando. Ukisimama mbele ya watu ukaapa kwamba "lilikuwepo" halafu ukafunga mdomo, unataka wanaokusikiliza waone mtambo uliofunikwa. Unajua hivyo ndivyo watakavyoona, na Mhandisi anajua, ndiyo maana alitazama dirishani. Usimtafutie Mungu kazi ya kukupa maneno wakati maneno unayo tayari.

Tena mama, hata ungekuwa mtu wa uongo, huu ungekuwa uongo wa kijinga. Ua mzima umejaa majirani, jamaa na wapenda viti, fremu inapanda inachuruzika, watu wanapiga vigelegele, unadhani hakuna aliyetoa simu akapiga picha? Hiyo picha ikitolewa baada ya wewe kuapa, kesi imekwisha palepale, na Mhandisi ataonekana mtu anayefundisha mashahidi. Utakuwa umemlipa wema wake kwa kumchafulia jina.

Pole nakupa, tena ya dhati. Najua ilivyo kukaa na deni la wema ambalo mwenyewe hajawahi kulidai. Lakini angalia: alipokupa gundi mkononi hakukwambia siku moja nitakuhitaji uniapie. Alikupa tu. Leo anaogopa, na mtu mwema akiogopa huweza kuomba jambo ambalo angelikataa kama angeombwa yeye. Usimhukumu kwa alasiri moja. Ila usimtii pia.

Mimi si wakili, kwa hiyo nilimuuliza mmoja anayeshughulika na mambo ya hataza, bila kutaja mtu wala mji. Aliniambia mambo yaliyonifurahisha. Kuna sheria zinazompa mbunifu aliyeonyesha kazi yake mwenyewe muda fulani wa kwenda kuiombea hataza, na kuna zisizompa, inategemea mnakoishi na ilipita miezi mingapi. Tena hataza moja huweza kulinda mambo kadhaa, na lile ambalo halikuonyeshwa wala kuelezwa siku ile huenda likasimama hata lingine likianguka. Akaniuliza: walielezwa nyuzi zilegezwe kiasi gani? Walielezwa hewa inapulizwa mfululizo au kwa kupumzika? Sikuwa na jibu, wewe unalo. Na wakili wa Mhandisi hawezi kukuuliza hayo kama naye amedanganywa kuhusu turubai. Wewe kila siku unazamisha fremu utafute tobo kabla haijamfikia mteja, halafu tobo hili la mtu unayemwombea unataka lifunguke mbele ya mahakama?

Kwa hiyo kesho asubuhi, kabla hujavaa glavu, ingia ofisini kwake ufunge mlango. Usimpe mahubiri. Mwambie, "Mhandisi, nakushukuru kwa yote, na wakiniuliza turubai lilikuwa wapi nitasema nililikunja. Naomba tumweleze wakili wako leo." Kisha nyamaza. Akifoka, mwache afoke, amekuvumilia na aproni. Akilia, mpe maji. Akikufukuza, jambo ambalo silitazamii kwa mtu huyo uliyenieleza, ondoka kwa adabu uniletee habari, hapa tuna watu wa kukusaidia.

Siku ya kuapa, jibu unachoulizwa na uliyoyaona tu. Usikisie tarehe, usiseme alichofikiri mtu mwingine. Mpaka siku hiyo usilizungumze jambo hili kwenye beseni, wala kwa dobi, wala baada ya ibada. Cheche mwambie hofu yake ni halali, akaiongee na Mhandisi, wewe si ghala la chakula la karakana. Na mzee msalimie sana. Katika habari hii yote, yeye ndiye aliyejua kwamba jibu lake lingeegemea upande mmoja, akalizuia.

Jambo la mwisho, nami nakusihi ulishike. Unakwenda huko kama mtu anayepelekwa kumsaliti mfadhili wake. Wakikuuliza nani alihangaika na zile nyuzi, utasema ni yeye, ulimwona akijaribu na kushindwa na kujaribu tena, hakuchukua kwa mtu. Wakikuuliza mbona aliwaonyesha watu mapema hivyo, utasema ulimwona akilia kwa furaha, ukamsikia akisema Mungu ashukuriwe mbele za watu. Huo ndio ukweli wote, na hauna sehemu hata moja ya kuinamisha kichwa. Useme kwa sauti ya kusikika.

Kisha niandikie upesi, hata mistari miwili, nijue umefikia wapi.

Mshauri wako