Beata Anasikia

Mabira, Kyerwa

Dada Joanitha,

Shikamoo. Huku tu wazima, mvua ni za kutosha, na ng'ombe wa mama mkwe amezaa.

Nakuandikia kuhusu Beata wangu. Ametimiza miaka mitatu na bado hasemi. Ukimwita hageuki, na mama mkwe ameshaamua kwamba ni kiziwi. Mimi sikuridhika. Juzi nilijificha jikoni nikabangua karanga polepole, naye akaja mbio kutoka uani! Kumbe anasikia. Sasa mbona jina lake halimgeuzi?

Nikapanda naye bodaboda hadi Nkwenda, kwa muuguzi mmoja anayeitwa Placidia. Akaniuliza mambo ambayo sijawahi kuulizwa: "Huwa anakuonyesha kitu kwa kidole? Akifurahi, anakutafuta macho?"

Nilijibu hapana, machozi yakanitoka. Akasema huenda ni usonji, ndivyo ubongo wake ulivyo, wala si kosa la malezi. Ameniandikia rufaa kwa daktari wa watoto huko Bukoba ili achunguzwe vizuri. Kwa sasa nikae naye chini, nicheze anachocheza yeye.

Leo alikuwa akipanga maharage mstari mmoja sakafuni. Nikaongeza langu moja mwishoni. Akalitazama, akanitazama mimi, kisha akanipa jingine.

Dada, Pasaka ulisema mtoto wangu hana adabu kwa kuwa hakukuamkia. Ndiyo maana sijakupigia simu tangu siku ile. Tutakuja Bukoba Jumanne ijayo. Naomba tulale kwako, ila sitamlazimisha akuamkie.

Mdogo wako akupendaye,
Kokuhirwa