Harufu ya Maranda

Shoga, uko? Usinipigie, siwezi kuongea. Soma tu.

Nilikuwa jikoni namalizia ile sabuni ya harufu ya mbao. Mkono ukateleza, mafuta ya mwerezi yakaingia mengi kupita kipimo. Nyumba nzima ikanuka karakana ya seremala.

Mama akaita kutoka chumbani kwake, "Vua viatu huko huko nje, utanijazia maranda ndani."

Maranda, shoga. MARANDA. Hayo alikuwa anamwambia baba tu, kila akirudi kutoka kuranda mbao zake. Na baba tumemzika, wewe ndiye uliyenishika pale kaburini.

Akaita tena, "Si naongea na wewe? Umevua?"

Mama huyu huyu mwenye akili zake timamu, asubuhi kanigombeza nimeunguza sufuria yake.

Unajua nilimjibu nini? Niliifanya sauti nzito, nikasema, "Nimevua."

Halafu akacheka kidogo, kile kicheko chake cha zamani.

Sabuni inagandia kwenye sufuria. Sijali.

Sasa hivi kasema, "Haya, ingia basi."

Niko mlangoni kwake, peku, nimeshika kitasa.