Bibi wa Kitanda cha Tisa

Jumatatu, 4 Machi
Wodi imejaa hadi koridoni. Kitanda cha tisa kapewa bibi mmoja mgeni – kisukari, kidonda mguuni. Lugha yake hapa hakuna anayeijua. Mishipa yake ilinitesa! Mwisho nikapata mmoja mzuri, mkono wa kulia. Nikaweka dripu, nikaufunga mkono kwenye kibao asiukunje. Akawa ananionyesha ule mkono mwingine. Nikamwambia atulie. Kwa Kiswahili, tena kwa sauti kubwa, kana kwamba ni kiziwi.

Jumanne, 5 Machi
Hakula. Nilimtia kijiko mkono wa kushoto, akakirudisha kwenye sinia. Muuguzi mwenzangu, tunayemwita Chapuchapu, akajaribu kumlisha kama mtoto mchanga, akafumba mdomo. Nimeandika kwenye faili lake: Anakataa chakula. Mkaidi.

Jumatano, 6 Machi
Mama wa usafi kanivuta pembeni. Eti, sista, yule bibi hajakataa kula, mmemfunga mkono wa kulia, na wa kushoto ndio wa kujitawazia.
Nilimjibu – naona haya hata kuandika – "Wewe shika dekio lako, wagonjwa tuachie sisi."
"Haya, sista."
Ana umri wa mama yangu.

Alhamisi, 7 Machi
Saa moja asubuhi nilimchoma insulini yake kama kawaida. Tumbo tupu siku ya tatu, na nilijua! Saa nne nikamkuta amelowa jasho, macho yamegeuka, haitiki. Sukari imeshuka vibaya. Daktari kahangaika naye mpaka akafumbua macho. Kisha daktari akauliza hajala tangu lini. Chapuchapu akaniwahi: anakataa, daktari, imeandikwa.
Nikahamishia dripu kushoto. Mkono wa kulia ulipofunguliwa tu akavuta sinia. Mkate, supu, yai. Hakubakiza hata chembe.
Nami nilichapwa utotoni kwa kula kwa mkono wa kushoto. Si kwamba sikujua. Sikutazama.

Ijumaa, 8 Machi
Bado sijamwambia daktari ukweli. Mama wa usafi kanisalimia vilevile, na watoto kaniulizia. Heri angeninunia.

Jumamosi, 9 Machi
Binti wa bibi kafika, siku mbili njiani. Kiswahili anakijua. Bibi akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema maneno mengi. Binti akatafsiri: "Mama anasema katika wote hapa, wewe peke yako ndiye uliyemwelewa. Ulimfungua mkono. Anakuombea."
Mama wa usafi alikuwa dirishani, anapangusa vioo. Hakugeuka. Mkono wake tu ulisimama.
Kisha binti akachukua faili pale miguuni pa kitanda. Akasoma. Uso ukabadilika. "Nani kamwita mama yangu mkaidi?" Anataka Metroni aje, sasa hivi.
Nikasema nafuata shuka safi. Uongo! Niko stoo, naandika nimesimama, kidaftari nimekiegemeza rafuni. Ukuta ni wa mbao, nasikia yote. Metroni kafika. Chapuchapu anasema saini haisomeki. Sasa Metroni anamgeukia mama wa usafi: wewe unashinda humu, umeona nini?
Nasikia anaitua ndoo chini.
"Tumsubiri sista, Metroni. Kaenda kuchukua shuka tu. Atakuja aseme mwenyewe."