Taa za Gari Letu Huku Machame

Dada Rehema, shikamoo. Huku baridi inakata, ila mtori wao, ile supu ya ndizi, unashibisha.

Taa za gari letu la kulala zinafifia kila jioni, ingawa jua linawaka mchana kutwa na sola iko juu ya paa. Mzee mwenye shamba tulipoegesha huzunguka gari kila asubuhi, nami nikajua anatuibia umeme. Namwamkia vizuri, kisha nalala na betri ubavuni.

Leo nimepanda juu mwenyewe. Sola imefunikwa majani ya mgomba!

"Nilikihurumia kioo chenu, mwanangu, kisipasuke na jua," mzee akasema.

Nawakumbuka sana wewe na watoto. Ila shemeji yako, anayeapa kwamba huikagua sola kila siku, sasa ndiye ninayemchunga.

Mdogo wako, Zaina