Slabu ya Geti Yetu

Baba Wariara,

Ukirudi kutoka Salgaa usiingize gari. Iache pale kanisani, kwa sababu mbele ya geti yetu patakuwa na shimo.

Githeri iko kwa sufuria kubwa, pasha tu. Wariara asitoke nje kwa matope bila gambuti zake miguuni.

Asubuhi, wale wanaojitolea kuzibua mtaro walipofika, uliwauliza kama kwao hakuna kazi. Mimi mwenyekiti wao nilikuwa nimesimama hapo hapo na jembe, nikainama nikachimba. Sikutaka majirani watuone tukigombana kwa geti. ~~Najua ulikuwa na haraka.~~ Hapana. Ulijua unachosema.

Sasa nisikize. Maji yanazuiliwa na slabu ya saruji uliyomwaga juu ya mtaro ili gari yako ipite. Paipu uliyoweka chini yake ni nyembamba, imejaa matope. Maji ya mvua ya juzi yalifurika hapo yakateremka hadi kwa jirani yetu Winrose, akalaza watoto juu ya meza.

Kila Jumamosi naambia watu wa Kiamunyi wavunje slabu zao. Wananiangalia tu, halafu wanaangalia geti yetu. Leo tunaanza na yetu, kisha tutateremka na mtaro, na nyundo ya kwanza ni yangu.

Ukiwa na malalamiko, peleka kwa mwenyekiti. Wewe ndiye uliinua mkono wa kwanza akichaguliwa, ukapiga makofi kushinda wote.

Atarudi jioni akiwa amechoka. Mwekee maji ya kuoga.

Mama Wariara